Waya ukikatwa, programu ifanye nini?

Natengeneza programu ya kidhibiti mwendo cha matatu hapa Eneo la Viwanda. Mteja ameandika tu: "Kizuie gari kwenda kasi sana." Si inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. "Kasi sana" ya dereva wa Thika Road si ya abiria aliyeng'ang'ania kiti. Sheria imeweka kilomita 80 kwa saa, anzia hapo. Kisha sema kidhibiti kibane mafuta baada ya muda gani, ili mtu mwenye saa mkononi aweze kukupinga.

Kazi hasa iko kwenye hitilafu. Waya wa sensa ya giaboksi, inayopima mwendo, ukikatika (au ukikatwa, tunajuana), programu inasoma sifuri. Kwake sifuri ni gari lililosimama, basi inatulia, na gari linapaa. Ukiandika, "Injini ikinguruma na mwendo usomeke sifuri kwa sekunde tatu, sensa ihesabiwe mbovu," utashangaa stejini: dereva anakanyaga mafuta kuita abiria, gari halijasogea hata inchi, na taa ya hitilafu inawaka. Ongeza sharti kwamba gia iwe imeingia na klachi imeachiliwa. Halafu useme kinachofuata: taa iwake na mizunguko ya injini ibanwe. Usiizime injini. Gari likifa ghafla katikati ya Mombasa Road, lori likiwa nyuma, hapo hujamwokoa mtu.

Sisi tunaunda mabasi ya umeme. ISO 26262, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki ya magari, inatuhusu, au ni ya magari madogo?

Inawahusu. Toleo la 2011 lilikuwa la magari madogo. La 2018 likaongeza malori, mabasi na pikipiki. Kila hatari hupimwa kwa maswali matatu: mtu ataumia kiasi gani, hali hiyo hutokea mara ngapi, na dereva anaweza kujinasua? Majibu yanakupa herufi, A hadi D, na D ndiyo kali zaidi. Usukani unaojigeuza wenyewe barabarani kwa kawaida huangukia D. Redio ikikwama, hiyo ni kero tu.

Mwalimu wetu hataki neno "haraka" kwenye masharti, yaani maelezo ya programu inavyotakiwa kufanya. Anazidisha?

Hapana. Angekataza pia "ikiwezekana" na "kadhalika". Mimi humwogopa zaidi "na": sharti lenye mambo mawili hufaulu jaribio nusu, kisha watu wanabishana kama limefaulu. Ndiyo, lile langu la taa na mizunguko nalo lina mawili. Ligawe.