Maswali ya wasomaji: Sauti na picha zinapopishana

SWALI: Assalaamu alaykum. Nimerekodi maulidi ya Mfungo Sita kwa simu, usiku, saa nzima bila kukata. Kwenye simu yenyewe video iko sawa. Nikiiingiza kwenye programu ya kuhariri ya kompyuta, mwanzo uko sawa, lakini kufika dua ya mwisho sauti imechelewa zaidi ya sekunde tatu. Nikiivuta sauti ili mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika. Nifanyeje?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Hiyo sentensi yako kabla ya swali ndiyo iliyotuonesha ugonjwa. Kosa likiwa kiasi kile kile toka mwanzo hadi mwisho, kuisogeza sauti kunatosha. Likiwa linakua kila dakika, picha na sauti haziendi kwa mwendo mmoja, na kusogeza kutahamisha kosa tu.

Kamera ya simu haipigi fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa hesabu moja. Penye mwanga hafifu hurefusha muda wa kila fremu ili picha isiwe giza, kwa hiyo fremu za kila sekunde hupungua na kuongezeka. Simu inajua kila fremu imepigwa wakati gani, ndiyo maana ikiicheza yenyewe hakuna kasoro. Baadhi ya programu za kuhariri hazisomi nyakati hizo: huzihesabu fremu zote kama 30 kwa sekunde. Tuseme wastani wa kweli wa video yako ni 29.97. Saa moja ina fremu 107,892, wakati programu inatarajia 108,000. Fremu 108 zinazokosekana ni sekunde 3.6, basi picha inamalizika mapema na sauti inabaki nyuma. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mtu anayeitikia "Amin" mdomo umeshafunga, hiyo inaudhi kweli.

Hakikisha kwanza. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonesha undani wa faili, tazama mstari wa "Frame rate mode". Ukiona "Variable", yaani hesabu inabadilika, ndiyo hiyo. Kisha ipitishe faili ya asili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, kabla hujakata hata sekunde moja. Katika sehemu ya "Video" chagua fremu 30 na uweke alama kwenye "Constant Framerate". Ubora, weka RF (kipimo chake) 18 hadi 20 (namba ikipungua, ubora na ukubwa wa faili huongezeka). Katika "Audio" weka AAC (aina ya sauti iliyobanwa) na sampuli 48, yaani 48,000 kwa sekunde. HandBrake itarudia fremu pale zilipopungua, na urefu wa picha utalingana na wa sauti. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua masaa, kwa hiyo iache usiku ikiwa kwenye umeme. Faili ya asili usiifute mpaka umeridhika na mpya.

Kupima matokeo, tafuta dufu. Nenda dakika ya 2, simamisha kwenye fremu ambayo kiganja kimegusa ngozi, utazame mwiba wa wimbi la sauti uko wapi. Rudia dakika ya 55. Fremu moja ni milisekunde 33; miiba ikikaa ndani ya fremu moja au mbili pote pawili, kazi imekwisha. Midomo ya wasomaji ni vigumu kuipima hivi, dufu halidanganyi.

SWALI: Tunarekodi taarab klabuni. Simu iko nyuma ya ukumbi, na rekoda ya sauti iko mbele karibu na qanun na fidla. Namna gani ya kuziunganisha zisipishane?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Kwanza pigeni kofi moja kubwa mbele ya jukwaa, simu ikiwa inaona, mwanzoni na tena mwishoni. Kofi la pili watu wengi huliacha, na ndilo lenye faida zaidi. Simu na rekoda kila moja ina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili za bei ya kawaida zinazokwenda sawa kabisa. Kwa saa moja zinaweza kupishana robo ya sekunde bila ya kifaa chochote kuharibika.

Linganisheni kofi la kwanza: fremu ambayo viganja vimekutana, na mwiba wa sauti ya rekoda. Msitumie sauti ya simu kulinganishia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, basi simu iliyo mita 34 kutoka jukwaani huisikia fidla ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fundi wa jahazi ukimtazama kwa mbali ufukweni unaona nyundo imeshashuka, ndipo unasikia mlio. Ni jambo hilo hilo. Macho yameshazoea sauti kuchelewa kidogo, ila ikitangulia picha tunaigundua haraka zaidi. Mkikosa uhakika, acheni sauti ichelewe fremu moja, isitangulie.

Kisha pimeni muda baina ya makofi mawili kwenye video. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagueni sauti ya rekoda toka mwiba wa kwanza hadi wa pili, fungueni "Change Speed and Pitch", na kwenye "New Length" andikeni muda wa video. Badiliko ni dogo mno, hakuna mwimbaji atakayesikika amepanda wala kushuka.

SWALI: Filamu zote kwenye laptop yangu sauti imechelewa. Natumia spika ya Bluetooth.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Chomeka waya kwenye tundu la sauti, ujaribu tena. Kosa likiondoka, faili zako ni nzima. Bluetooth hufungasha sauti kabla ya kuituma, na spika nyingi huchelewesha milisekunde 100 hadi 300. Kama waya haukufai, fungua filamu kwa VLC, programu ya kuchezea video, na ubonyeze J: kila mbonyezo huitanguliza sauti milisekunde 50. Mara nne ndiyo 200. K huichelewesha. Badiliko hilo halibaki ndani ya faili.

Ukiona badala yake picha inakwamakwama ndipo sauti inapishana, tazama betri. Umeme ukikatika, laptop nyingi hujiweka kwenye hali ya kubana chaji na prosesa hupunguza kasi, basi video nzito za 4K (picha kubwa sana) au H.265 (ubanaji wa video unaohitaji nguvu nyingi) huishinda. Rudisha kwenye hali ya kawaida, au tumia nakala ya 1080p (picha ndogo kuliko 4K) ya H.264, ubanaji mwepesi zaidi.

SWALI: Filamu moja tu, sauti inatangulia kidogo toka mwanzo hadi mwisho. Nataka kuirekebisha moja kwa moja.
Msomaji, Bububu

JIBU: Kwa VLC bonyeza K mpaka ikae sawa, soma namba iliyoandikwa. Iingize filamu kwenye MKVToolNix, programu ya kupanga upya sauti na picha ndani ya faili, chagua mstari wa sauti, andika namba hiyo kwenye "Delay", hifadhi. Haigeuzi ubora, na huchukua dakika chache.