Ukifika Meksiko, saa nane mchana usiipangie kitu kingine

Mtu akiniambia anaenda Meksiko kusoma au kutembea, humuuliza kwanza mchana wake ameupangaje. Kule mlo mkubwa wa siku, comida, huliwa kati ya saa nane na saa kumi. Mgeni aliyejiwekea miadi au safari ya basi katikati ya muda huo atashiba vibandani, lakini hatapata kukaa mezani na wenyeji. Niliishi Puebla nikiwa mwanafunzi, na karibu marafiki wote niliowapata kule niliwapatia mezani, saa hizo.

Asubuhi wengi hunywa kahawa au atole, uji mwepesi wa mahindi, kwa mkate mtamu au tamali, donge la unga wa mahindi lililofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke. Kwenye saa nne au saa tano hula tena kidogo. Usiuruke mlo huo, maana ndio utakaokufikisha saa nane. Usiku chakula ni chepesi, na mara nyingi ni tako (tacos) za barabarani, yaani tortila, chapati nyembamba za mahindi, zilizokunjwa na kitoweo ndani.

Anzia fonda. Hiyo ni migahawa midogo ya familia, mfano wa mama ntilie wetu, na chakula cha siku huandikwa ubaoni mlangoni. Ukiingia, watakie waliokaa mlo mwema, hata kama humjui yeyote: "Provecho." Ukitoka, vivyo hivyo. Ukinyamaza hakuna atakayekusema, ila ukisema utaona nyuso zinavyochangamka.

Kwa bei moja unaletewa mlo mzima, lakini kwa awamu. Kwanza supu ya maji, labda ya dengu, ya mboga au ya tambi. Ukimaliza inakuja wanayoiita supu kavu, nayo ni wali au tambi, peke yake, bila mchuzi. Mtu wa kwetu hapo hushika kijiko akingoja nyama ije iukute wali. Usingoje. Kula ungali moto, na mhudumu akikuuliza kama unataka yai la kukaanga juu yake, kubali. Ndipo huja kitoweo chenyewe, guisado: kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili na viungo, nyama kwenye salsa ya kijani, yaani mchuzi wa pilipili, au pilipili kubwa iliyojazwa jibini, na maharage pembeni. Mezani pana jagi la kinywaji cha siku, pengine ukwaju, pengine rosela, ambayo wao huiita jamaica, au horchata ya mchele na mdalasini. Aliyekulia pwani hatahitaji kufundishwa kunywa ukwaju.

Tortila nazo huja kikapuni, zimefungwa ndani ya kitambaa. Funua, toa moja, funika tena papo hapo. Mvuke ule ndio unaozilainisha, na jirani yako naye anastahili ya moto. Ishike puani kabla hujala. Harufu ile haimo katika unga wetu wa sembe, kwa sababu mahindi yao hupikwa kwenye maji ya chokaa, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa ndipo yakasagwa. Chokaa hulegeza ganda, na huachilia vitamini ambayo mwili usingeweza kuitoa kwenye mahindi matupu. Mahindi asili yake ni huko huko, na watu wake wameyalima kwa maelfu ya miaka. Kwangu mimi mla ugali, kuijua kazi ile ilitosha kunifanya nisibakishe tortila.

Salsa zitakuwa mbili, nyekundu na kijani. Rangi haisemi ipi ni kali, kwa hiyo dondoshea tone moja kwenye kona ya tortila na uonje kwanza.

Kwa ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, hili msilichukulie kijuujuu. Tako za al pastor ni nguruwe, carnitas ni nguruwe, na hata maharage ya kukaanga na tamali mara nyingi hutiwa manteca, mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza: "¿Lleva manteca?" Hawachukii kuulizwa. Barbacoa ya jimbo la Hidalgo, inayoliwa sana Jumapili, ni nyama ya kondoo aliyepikwa ardhini kwa majani ya mkonge wa kule. Sasa kama uchinjaji ni sharti kwako, itabidi utafute bucha la halali au ushikilie samaki na mboga.

Mkishamaliza kula, bili haiji. Hujasahauliwa. Kumletea mtu bili bila kuiomba ni kama kumfukuza, kwa hiyo utakaa mpaka uiombe: "La cuenta, por favor." Bakshishi ya asilimia 10 hadi 15 ni ya kawaida, na haina lazima. Muda huo baada ya kula, sobremesa, ndio nauthamini kuliko vyote. Vyombo vimesogezwa pembeni, kahawa ya mdalasini na sukari guru imeletwa, na habari ambazo hazikusemwa wakati wa kula sasa zinasemwa. Ndipo nilipoambiwa chumba cha bei nafuu kilipo, na ndipo Kihispania changu kilipokaa sawa.

Ukialikwa nyumbani, tenga mchana mzima. Beba matunda au mkate mtamu. Utaona mtu mmoja, mara nyingi mama mwenye nyumba, amesimama jikoni akipasha tortila huku wengine wanakula. Inuka ukamwombe umpokee ili naye akae. Huenda akakataa, omba tena. Na kama mwaliko ni wa Januari 6, mtakata rosca, mkate wa duara wa Siku ya Wafalme. Kipande chako kikitoka na kisanamu cha mtoto ndani, tamali za Februari 2 ziko juu yako, na wenzako watakuwa wanazingoja.