Re: Jiko la zamani la gesi la kuchomea nyama, mpira wake unafaa mtungi mpya?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubaki na mpira wa zamani kwa kuwa unaingia kwenye mtungi mpya. Kuingia unaingia, na hapo ndipo mtego ulipo. Ile nati ya shaba ya mpira wa zamani, inayokazwa kinyume ndani ya vali, haina kinga yoyote. Nati kubwa ya plastiki ya mpira mpya, inayokazwa kwa mkono, huyeyuka moto ukiifikia, na vali inajifunga yenyewe. Tena vali haitoi gesi mpaka nati ikae sawasawa. Ukitumia mpira wa zamani unapoteza vyote hivyo.

Badilisha mpira pamoja na regulata yake. Adapta achana nazo, zinaongeza tu sehemu za kuvuja.

Kama jiko lilikuja na mtungi wake wa zamani, usiujaze. Mitungi ya sasa ina boya ndani linalozuia gesi isipite takriban asilimia 80. Marekani walipiga marufuku kujaza isiyo nalo tangu 2002.

Kutu ya nje ya jiko isikutishe, brashi ya waya inatosha. Angalia zaidi mirija ya kichomeo: buibui hupenda kujenga humo, na gesi ikizibwa hurudi nyuma na kuwaka chini ya paneli ya vitufe. Ukimaliza, funga vitufe vyote, fungua mtungi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Yakitoa mapovu, usiwashe.

Kichomeo kikiwa kimetoboka pembeni, nunua kingine, usikichomelee.