Safari ya Ndege Isiyofika Dakika Mbili

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba kuna visiwa viwili ambavyo ndege ya abiria huruka baina yake kwa muda usiofika dakika mbili. Je, ni kweli, na umbali wenyewe ni kiasi gani?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Visiwa hivyo ni Westray na Papa Westray, katika funguvisiwa la Orkney kaskazini mwa Uskoti, ambako shirika la Loganair lilianzisha safari hiyo mwaka 1967. Umbali baina ya viwanja hivyo viwili ni takriban kilomita 2.7 tu, na ratiba huitengea safari dakika mbili. Lakini upepo unapoisukuma ndege kutoka nyuma na rubani asipolazimika kuzunguka ili atue, muda hupungua sana, hata safari moja iliwahi kuchukua sekunde 53.

Ndege inayotumika ni Islander, ndogo, yenye injini mbili za panga, inayoweza kutua kwenye njia fupi. Isidhaniwe kuwa ni safari ya watalii pekee: walimu na wahudumu wa afya huitegemea, kwa kuwa huwaunganisha pia na mji wa Kirkwall.