Kukunja tanga, kukunja hema

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii, zamu yetu ina Mhispania na Mromania. Juzi Mhispania kachelewa, katuma meseji "llego", yaani nafika. Mromania akacheka, eti kwao "plec" ni naondoka na ni neno hilohilo moja la Kilatini. Wananichezea au? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wala hawakuchezei. Yote mawili yametoka kwa plicare, Kilatini cha kukunja, kama unavyokunja shuka. Usidanganywe na sauti, Kihispania kikikuta pl mwanzoni mwa neno mara nyingi kinailainisha inakuwa ll, ndo maana plorare, kulia, ikawa llorar na pluvia, mvua, ikawa lluvia, Wareno nao wakaifanya ch, wanasema chorar na chuva, na kufika kwao ni chegar. Waromania hawakuigusa, mvua kwao ni ploaie mpaka leo.

Sasa kukunja kumegeukaje kufika? Wengi wanasema ni mambo ya baharini, chombo kikikaribia bandari mabaharia wanakunja tanga, basi tanga likikunjwa ujue watu wamefika. Kule Dacia, ambayo sehemu yake kubwa ndo Romania ya leo, Trajan, kaisari wa Warumi, aliiteka mwaka 106 na askari wakajaa, na askari akikunja hema ujue anahama. Hiyo ya hema naipenda ila siiapii, tamu mno. Ya tanga ina nguvu zaidi, maana applicare, mtoto wa plicare, Warumi waliitumia kabisa kwa kuleta meli pwani.

Na sisi si tuna kukunja jamvi? Mtu akisema jamani tukunje jamvi hakuna anayewaza mkeka, kila mtu anatafuta viatu vyake.

Wafaransa hapo hawamo, plier yao imebaki kukunja tu. Wakifika wanasema arriver, na humo ndani kuna ripa, ukingo wa maji, yaani kugusa ukingo, baharia tena huyo! Siku hizi hata treni inayotoka mlimani, bahari haijawahi kuiona, nayo ina-arriver.

Kwa hiyo Mhispania akituma llego mwekee sahani, ila Mromania akikwambia plec usimpakulie.