Andika hata kunguru: kwa wanaoanza kuhesabu ndege wa uani

Swali la kwanza la wageni wengi ni darubini: ninunue ipi? Acha darubini kwanza. Ndege wa uani yuko hapo juu ya mwarobaini, macho yanamtosha, na ukianza kuelekeza vioo huku na huku kabla majirani hawajakuzoea utazua kesi ya mtaa bure. Anza na saa, daftari na moyo wa kuandika ndege uliyechoka kumwona.

Kwetu Pwani ndege huyo ni kunguru. Orodha nyingi za wanaoanza hapa Mombasa utakuta mna chozi, mna shore, mna mnana, lakini kunguru hamna. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia, "Ah, kunguru si wapo tu!" Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si wa asili huku. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, na kumbukumbu za Kenya zinamtaja Mombasa mwaka 1947. Tunaujua mwaka huo kwa sababu kuna mtu alimwona akaandika. Leo anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na atakayetaka kujua kama mtaani kwenu amezidi au amepungua hatakuwa na pa kuanzia ikiwa nyote mlimruka. Mtazame vizuri pia kabla ya kumwandika: kunguru wa asili ana kifua cheupe pe, weupe unaozunguka hadi nyuma ya shingo, na ana mwili mkubwa zaidi. Ukimwona huyo mjini, mwandike pamoja na saa uliyomwona.

Wengi wetu hutuma hesabu kwa eBird, mfumo wa mtandaoni wa kukusanya orodha za ndege ulioanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani. Mwishoni utaulizwa kama orodha yako ni kamili. Watu hubofya bila kusoma, na hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Kujibu ndiyo hakumaanishi uliwaona ndege wote waliokuwepo, maana hakuna awezaye hilo. Unasema tu kwamba kila uliyemtambua, kwa jicho au kwa sikio, umemwandika, hukumruka mtu. Ukijibu kwa haki, hata ndege wasiomo humo wanaanza kusema kitu. Keremkerem mwekundu wa kaskazini hutufikia Pwani mwishoni mwa mwaka na huondoka kabla masika hayajakolea. Picha yake ya Desemba inatuambia yupo. Orodha kamili za Oktoba zisizo naye ndizo zinazotuambia alikuwa hajafika, na ndizo zitakazoonyesha siku akianza kuchelewa au kuwahi.

Muda nao uandike, wa kuanza na wa kumaliza. Ndege wanane wa robo saa si sawa na wanane wa saa mbili. Kila Februari kuna hesabu ya dunia nzima ya siku nne, Great Backyard Bird Count, iliyoanza Amerika Kaskazini mwaka 1998 na kufunguliwa kwa nchi zote mwaka 2013. Wanataka dakika 15 tu kwa uchache, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila Februari yetu ni ya jua kali: kaa nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana ikifika saa nne hata shore amenyamaza.

Sasa idadi. Shore wawili wanaorudi kwenye papai asubuhi nzima ni wawili, wasigeuke ishirini. Kuzumburu wana desturi ya kuvuka ua mmoja mmoja, wakifuatana na mikia yao mirefu, na mgeni huandika watatu akageuka. Subiri, wa tano na wa sita wako nyuma. Mnana wakiwa wamejaa mnazini, hesabu kumi, uone wamechukua sehemu gani ya kuti, kisha kadiria waliobaki. Thelathini ya makadirio inafaa kuliko neno "wengi". Sheria nazo hutofautiana: katika hesabu ya bustanini ya RSPB, shirika la kuhifadhi ndege kule Uingereza, iliyoanza mwaka 1979, unakaa saa moja na kuandika idadi kubwa kabisa uliyoona kwa mara moja. Soma masharti ya hesabu unayoingia.

Chozi jike atakutesa, wengi wao wana rangi iliyofifia na wanafanana. Mwandike "chozi" basi, mfumo unakubali. Programu ya Merlin inayosikiliza sauti ichukue kama fununu ya jirani, uende ukahakikishe mwenyewe. Maana vichakani mwetu kuna ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa anayeiga sauti za wenzake kwa ufundi wa ajabu. Na mhakiki wa eBird akikuandikia kuuliza ulimtambuaje ndege fulani, usinune. Eleza rangi, mdomo, alikuwa akifanya nini. Kama huna hakika, mfute.

Jambo dogo: orodha huonekana na watu wengine, kwa hiyo eneo lipe jina la mtaa, si la nyumba yako.

Ukishazoea uani, ingia Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima, ulioanza mwaka 2013. Nchi imegawanywa kwa miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, na orodha kamili inadai angalau saa mbili za kutafuta ndege ukipita mazingira mbalimbali ya mraba, ukiwaingiza kwenye simu kwa programu ya BirdLasser kwa mpangilio ulivyowaona. Miraba ya Nairobi na Watamu ina watu. Ukienda mashambani kuwaona wazee, fungua ramani kabla ya kupanda basi, kisha tenga asubuhi moja. Huenda mraba wa kwenu haujapata orodha mwaka huu.