Maswali ya Wasomaji: Je, Mwandishi ni Zao la Jamii Yake Tu?

SWALI: Mhariri, ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Kila mwaka wanafunzi wangu huandika insha ya kuthibitisha kwamba mwandishi ni zao la jamii yake. Safari hii mmoja aliniuliza: kama ni hivyo, mbona watoto wote wa kijiji kimoja hawawi watunzi? Nilikosa jibu. Nasikia Mfaransa Hippolyte Taine alilishughulikia jambo hili. Alikuwa nani, na alisema nini?

JIBU: Mwalimu, usione haya kukosa jibu, kwani swali la mwanafunzi wako ni lile lile ambalo Sainte-Beuve, mhakiki mashuhuri wa Ufaransa wa zama hizo, alimkabili nalo Taine.

Taine alizaliwa mwaka 1828 mjini Vouziers, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi, lakini mwaka 1851 alianguka mtihani wa kufuzu ualimu wa falsafa kwa sababu watahini hawakupendezwa na mawazo yake. Njia ya falsafa ilipozibwa, akageukia fasihi, na mwaka 1853 akapata udaktari kwa tasnifu kuhusu hadithi za mshairi Mfaransa La Fontaine. Hata hivyo falsafa hakuiacha. Aliingia nayo katika uhakiki, akawa anatafuta chanzo cha kila kitu.

Wazo lake kuu limo katika utangulizi wa Historia ya Fasihi ya Kiingereza, iliyoanza kutoka mwaka 1863. Humo anasema kwamba kazi ya fasihi huzaliwa na vyanzo vitatu: asili ya watu, yaani tabia wanazozirithi, mazingira, yaani nchi, hali ya hewa na maisha ya jamii, na wakati, yaani mahali historia ilipofikia mtunzi anapoanza kazi. Aliandika pia kwamba uovu na wema ni mazao, kama tindikali na sukari. Sentensi hiyo iliwaudhi wengi, hasa viongozi wa dini, na Akademia ya Ufaransa ikakinyima kitabu hicho tuzo, ingawa mwaka 1878 ilimchagua Taine mwenyewe kuwa mjumbe wake.

Tumpime hapa kwetu. Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, nchi ya mtama, uwele na ng'ombe, na watu wake wanasifika kwa kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Mtazame mpiga ilimba: vidole gumba viwili vinabonyeza vipande vyembamba vya chuma, na kutoka katika kijisanduku cha mbao unasikia kama kundi zima linaitikia. Taine angetueleza vizuri kwa nini muziki wa namna hiyo umeota hapa. Lakini Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia, alikulia katika nchi ile ile, kizazi kile kile na nyimbo zile zile kama wenzake wengi, lakini Zawose alikuwa mmoja tu. Hapo ndipo Sainte-Beuve alipomshika Taine: vyanzo vitatu vinaeleza wanachofanana watu wa mahali pamoja, ila haviifikii cheche ya mtu mmoja.

Mimi naliona pingamizi hilo kuwa la haki. Hicho chanzo cha kwanza, asili ya watu, nacho nakuomba ukifundishe kwa hadhari kubwa, maana sisi Waafrika tunajua madhara ya kuambiwa kwamba watu fulani wamezaliwa na tabia fulani.

Baada ya Ufaransa kushindwa na Wajerumani, na baada ya machafuko ya Paris ya mwaka 1871, Taine aliingia katika historia, akaandika juzuu nzito kuhusu asili ya Ufaransa ya wakati wake, kazi aliyokufa mwaka 1893 bila kuimaliza. Aliyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 kwa ukali, na mwanahistoria Aulard baadaye alimkosoa kwa namna alivyozitumia nyaraka.

Kwa darasa lako, Mwalimu, napendekeza hivi: mpe mwanafunzi huyo watunzi wawili wa eneo moja na rika moja. Aandike kwanza yote wanayofanana, hapo Taine atamsaidia sana. Kisha asome tena kazi zao taratibu, aandike kile ambacho mmoja anacho na mwenzake hana.